Sentimita Thelathini Mbele ya Laini

Deo, ndugu yangu,

Leo asubuhi wamevunja uwanja wetu. Nilisimama kando ya ule ukuta wa mawe ulioujenga wewe mwenyewe ili udongo usiteremke, nikaangalia mashine ya njano ikiinua betoni kipande kwa kipande, kama mtu anayemenya muhogo mkubwa. Sikulia. Kulikuwa na vumbi jingi, na vumbi linampa mzee ruhusa ya kufuta macho, basi nikayafuta.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililopaswa kukuambia ulipokuwa hai, lakini sikulijua. Nilipolijua, ulikuwa umekwisha kulala kule mlimani, na sasa ni mwaka wa pili. Utanivumilia nikianzia mbali. Ulikuwa umezoea. "Prof akianza kueleza, mulete viti," uliwaambia wachezaji, na kweli walileta.

Nianze na habari za mji. Serikali imetoa pesa ya kuujenga uwanja upya, jimbo pamoja na Kinshasa. Kibao kikubwa kimewekwa kwenye lango, chenye bendera na picha ya jumba jinsi litakavyokuwa: paa juu ya nguzo za chuma, viti vya buluu pande zote nne, vyumba vya kubadilia nguo vyenye maji ya moto, na sakafu ya mbao, ile parketi tuliyokuwa tunaiona kwenye televisheni ya paroko tu, wewe ukisema, "Hawa banacheza juu ya meza ya kulia." Mbao hizo zimekwisha fika kwa kontena na zimefunikwa na turubai, zinalindwa usiku na mchana. Jumba ni la timu ya kulipwa. Vijana watapokea mshahara kila mwezi kwa kucheza basket. Nilipowapa walimu wenzangu wastaafu habari hiyo, walicheka mpaka wakakohoa.

Si wote wanaofurahi. Maman mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni Nyawera aliniambia, "Maji haipande kwetu Kadutu, na bao banajenga fasi ya kurusha mupira!" Nikajaribu kumweleza kwamba fedha za michezo na fedha za maji hazitoki katika mfuko mmoja. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniongezea sambaza kiganja kizima. Nadhani ilikuwa huruma.

Mimi mwenyewe nafurahi, Deo, na naona uchungu. Nafurahi kwa sababu mvua haitasimamisha mchezo tena. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tunafagia maji kwa mifagio ya Maman Furaha, mke wako, naye anasimama juu ya ukuta akipiga kelele kwamba ile mifagio ni ya nyumba? Na naona uchungu kwa sababu betoni ile ilikuwa ya mikono yetu. Tulikuwa vijana. Wewe maçon, fundi wa kujenga, mimi mwalimu wa hesabu niliyerudi kutoka masomoni na shati jeupe. Eneo lilikuwa mteremko mtupu. Ulisawazisha mlima kwa majembe, wanafunzi wangu wakabeba mawe kutoka ziwani juu ya vichwa, na kila Jumamosi ulimwaga betoni mraba mmoja, ukaulinda dhidi ya mbuzi.

Kisha ikaja siku ya laini. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Nilikuwa nimeazima kwa padri kitabu cha sheria za basket, cha Kifaransa, chenye michoro. Kitabu kilisema kwamba laini ya kupigia mpira wa adhabu, ile tuliyoiita laini ya lancer, inawekwa mita tano na sentimita themanini kutoka laini ya mwisho wa uwanja. Ni kweli, na hata leo ni hivyo. Lakini kitabu kinafikiri kwamba ubao wenye chuma cha kikapu umeingia ndani ya uwanja mita moja na sentimita ishirini. Wetu haukuingia hivyo. Fundi aliyetuchomelea milingoti aliishiwa bomba, akakata mikono mifupi, na mbao zetu zote mbili ziliingia sentimita tisini tu. Ukipima kutoka nyuma, unapata hesabu ya kitabu. Ukipima kutoka kwenye ubao, unakuta mpigaji amesimama mbali kuliko inavyotakiwa. Tofauti ni sentimita thelathini, urefu wa latte moja, rula ya mwanafunzi.

Wewe uliliona kwa jicho. Ulikuwa umepiga magoti na uzi wako wa kujengea, ule mweupe wenye mafundo, ukaniangalia ukasema, "Prof, mwenye kurusha anaangalia chuma. Haangalie laini ya nyuma. Tupime kutoka kwa ubao." Nami nilikujibu mbele ya vijana wote, kwa sauti ile ya darasani, "Deo, kitabu ni kitabu." Vijana wakacheka. Ukainama, ukapaka rangi mahali nilipokuonyesha. Na kila mwaka, kabla ya msimu, ulipaka tena pale pale.

Nilisahau siku hiyo. Mtu husahau upesi mahali aliposhinda bila haki.

Baadaye, wewe ukiwa kocha, tulianza kushinda nyumbani, unakumbuka? Timu zilikuja kutoka Goma, kutoka Uvira, hata vijana wakubwa wa Kamituga wenye mabega ya kuchimba dhahabu, na wote, wakifika kwenye laini ile, mpira ulianguka mbele ya chuma, mfupi, kama umechoka njiani. Kocha mmoja wa Uvira alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti, "Mulizika nini chini ya hii laini? Museme!" Nawe ukamjibu ukiwa umekaa, "Tulizika ciment, papa. Nikuletee pioche uchimbe?" Mwaka uliofuata walikuja na mchungaji, akanyunyiza chumvi kuzunguka laini yote, na bado walikosa. Ulimshukuru yule mchungaji kwa heshima, ukamwambia chumvi ile itasaidia majani yasiote. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliyekuwa nawaeleza watu kwamba dawa haipo, sikujiuliza hata siku moja kwa nini basi wageni wanakosa.

Na ugenini tulishindwa. Fainali ya Goma bado naiona. Zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, na Bahati, mpigaji wetu bora, kijana ambaye nyumbani hakuwa anakosa hata ukimfunga kitambaa machoni, anapewa lancer mbili. Wa kwanza ukapita juu ya chuma, ukagonga ubao. Wa pili vile vile. Mirefu yote miwili. Watu wa Goma waliimba jina lake kwa dhihaka mpaka tukaingia bandarini.

Katika boti, wakati wa kurudi, nilikaa karibu nawe nikakupa somo. Nilikueleza kuhusu hofu, kuhusu akili ya kijana mbele ya umati. Nikakuambia, "Unawafundisha kupiga, huwafundishi kutulia." Ulikuwa unaangalia maji, na mikononi ulikuwa na uzi wako wa kujengea, unafunga fundo moja jipya, unalikaza kwa meno. Nilifikiri ni mikono ya mtu mwenye huzuni inayotafuta kazi. Bahati alikuwa amelala chini ya benchi, kofia usoni, lakini hakuwa amelala.

Watu walikulaumu wewe. Hata mimi nilikulaumu. Siku ya kilio chako, Deo, mbele ya watu waliojaa ua wako wote, niliposimama kusema neno, nilisema mengi mazuri, halafu nikasema kwa kuchekesha kwamba ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba wachezaji wako wa mwanzo walitetemeka wakivuka ziwa. Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka watu wenye machozi. Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyarudisha leo.

Sasa sikiliza. Kabla ya kuvunja, walikuja kupima uwanja wa zamani. Mhandisi ni dada mmoja mdogo, mpole, ana kifaa kinachotoa nukta nyekundu na kukupa urefu bila uzi. Alisimama chini ya ubao, akaelekeza nukta kwenye laini, akakunja uso, akapima tena. Halafu akauliza, "Wazee, nani alipima hii? Iko ndefu kwa sentimita thelathini."

Tulikuwa wajumbe sita wa kamati ya uwanja, tumesimama kama watu waliopigwa picha. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeleta ombi kwamba kiwanja kidogo cha mazoezi, kile kitakachobaki nje, kipewe jina lako. Mmoja wa wajumbe ni Bahati. Ndiyo, yeye mwenyewe. Ana mvi sasa, ana duka la dawa, ana tumbo la mtu aliyefanikiwa. Akasema kwa sauti ndogo, wala hakuwa na chuki, amechoka tu: "Njo tunaomba jina ya mutu alishindwa kupima laini?"

Deo, nilijua wakati ule ule. Sikuhitaji kufikiri. Kitabu cha padri kilifunguka kichwani mwangu kwenye ukurasa wenyewe, nikasikia sauti yangu: kitabu ni kitabu. Na nilinyamaza. Mimi ninayeeleza hata yasiyoulizwa, nilisimama pale mdomo umefungwa, na mjumbe mwingine akaandika katika daftari: jina, limeahirishwa.

Usiku sikufanya lolote la maana. Asubuhi nilikwenda uwanjani peke yangu, na latte ya mbao mfukoni, ile ya darasani, ingawa sijui nilitaka kuthibitisha nini. Wafanyakazi walikuwa wameanza kukwangua rangi kwenye ukingo, ikaonekana tabaka juu ya tabaka, nyeupe, njano, nyeupe tena, miaka yako yote. Nikapiga magoti kwenye laini. Unajua magoti yangu; ilichukua muda. Nikaweka ncha ya latte juu ya laini, nikailaza kuelekea kikapu, na ncha ya pili ikagusa kitu kigumu. Kichwa cha msumari. Msumari wa betoni, umepigwa mpaka ukalingana na sakafu, umeng'aa kwa kukanyagwa.

Na hapo ndipo nikakumbuka ule msumari.

Baada ya Goma, kila wiki ya kusafiri, ulikuwa unawaita vijana na kusema, "Leo tunapigia kwa musumari." Walisimama mbele ya laini, kila mmoja lancer mia, na wiki ya mechi ya nyumbani hukuwaruhusu kusimama pale hata mara moja. Nilikuuliza siku moja msumari ule ni wa nini. Ukanijibu bila kugeuka, "Iyo ni dawa yangu, Prof. Weye hauamini dawa." Nami nikakuhurumia kwa ushirikina wako! Na sikuunganisha jambo hilo na lile jingine, kwamba tangu msimu ule tulianza kurudi na ushindi, kutoka Uvira, kutoka Goma yenyewe. Bahati hakuwepo tena. Alikuwa ameacha mpira.

Ulikuwa umepima kule Goma, baada ya mechi, kwa uzi. Lile fundo la kwenye boti lilikuwa kipimo. Nilikuwa nakufundisha habari za hofu, na wewe ulikuwa umeshika jibu mikononi, ukalikaza kwa meno, ukaninyamazia.

Nimejiuliza sana kwa nini hukuniambia. Najua sababu ya kwanza: nilikuwa nimeapa kwa kitabu mbele ya wanafunzi wangu, na hukutaka wamwone mwalimu wao akishuka. Lakini mimi nakufahamu, na katika barua hii sitaki kukufanya malaika. Kama ungeirudisha laini mahali pake, wageni wangeacha kukosa. Ulipenda kushinda nyumbani, mzee! Nadhani ulinificha aibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ukaweka ushindi mfukoni. Hilo nalo limenifanya nicheke, nikiwa bado nimepiga magoti pale, mpaka mlinzi wa mbao akaja kuuliza, "Muzee, uko muzima?"

Mkutano wa pili ulikuwa Alhamisi. Niliweka latte juu ya meza. Nikasema, "Bwana mwenyekiti, laini ile si ya Deo. Ni yangu. Deo alitaka kupima kutoka kwa ubao, nikamkatalia mbele ya watu, na alichopaka ni neno langu." Halafu nikaeleza yote, bomba la fundi, sentimita tisini, msumari, uzi. Nilieleza kwa urefu, na hakuna aliyeleta viti kwa sababu walikuwa wamekwisha kaa.

Nilipomaliza, nilimwangalia Bahati peke yake. Alikuwa ameishika ile latte, anaigeuza. Akasema, "Prof. Hii tu?" Akapima meza nayo, kama mtu anayetaka kuona urefu wa kitu kilichompata. "Miaka yote, Prof. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, nikishindwa kutupa karatasi mu poubelle ya takataka, ananiita Goma." Watu wakacheka, naye akacheka, kisha uso wake ukabadilika, akasimama, akatoka nje. Nikamwacha. Nilimwomba msamaha barazani baadaye, naye aliniambia tu, "Si leo, Papa." Ni haki yake.

Jina lako wamelikubali kwenye kamati, lakini lazima barua iende Kinshasa na irudi, nawe unajua barua za Kinshasa. Sitakudanganya kwamba limekwisha kuandikwa ukutani.

Jana alasiri, siku ya mwisho, nilikwenda kuaga betoni. Nikamkuta Bahati kwenye msumari, viatu vya dukani vimewekwa kando, amevaa soksi, ana mpira. Hakunisalimu. Akapiga. Mpira ukagonga chuma, ukatoka. Akapiga wa pili, ukaingia bila kugusa kitu, ukatoa ile sauti ya wavu ambayo wewe uliiita kupiga busu. Akaniangalia, akanirushia mpira. "Na weye, Prof. Kutoka kwa kitabu yako." Nikasimama kwenye laini yangu mwenyewe, nikarusha kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Ukaanguka mfupi, Deo, mfupi sana, haukufika hata kwenye kivuli cha ubao. Ungecheka mpaka ukae chini. Bahati alicheka kwa niaba yako, kisha akaniletea viatu vyake nimshikie wakati anapiga nyingine.

Dada mhandisi, nilipomwomba, alikata kwa mashine kipande cha betoni chenye msumari, ukubwa wa Biblia ya familia. Vijana wawili wamekibeba mpaka nyumbani kwako. Maman Furaha alikiangalia, akasema, "Shemeji, mume wangu alinijengea nyumba isiyokwisha, sasa amenitumia kipande ingine." Amekiweka mlangoni, na watu wameanza kukwangulia matope ya viatu juu yake. Nadhani ungependa hivyo kuliko kabatini.

Yeye naye amenipa kitu. Katika mfuko wako wa kazi, chini ya mwiko na timazi, ulikuwapo ule uzi. Fundo la kwenye boti bado lipo. Nimelipima: mita nne na sentimita sitini, hesabu ya kitabu chenyewe kutoka kwenye ubao hadi laini, bila kosa la upana wa kidole. Mimi nilikuwa na kitabu, wewe ulikuwa na meno.

Basi nikuache upumzike, ndugu yangu. Nakuahidi jambo moja ninaloliweza. Siku ya kufungua jumba, gavana akiwapo, wanamuziki wakiwapo, timu ya kulipwa ikiwa imepanga mstari katika jezi mpya, nitateremka kutoka kiti changu cha buluu, nitavua viatu kwa heshima ya ile meza ya kulia, na nitafunga uzi wako chini ya ubao. Ndiyo, chini ya ubao. Nitauvuta mpaka kwenye laini. Fundo likikaa juu ya rangi, nitarudi kukaa na sitasema neno, hata wakiniuliza. Lisipokaa, hawatacheza mpaka nimeeleza.

Wako,
Prof